Waliichapa Urusi ya Kisovieti mara mbili, ubingwa wakaukosa, nchi ikalipa

USIKU wa Ijumaa, Machi 28, 1969, jiji la Prague lilikosa usingizi. Watu walizima televisheni, wakavaa makoti na kumiminika mitaani. Wenceslas Square, uwanja mkubwa wa katikati ya jiji, ulijaa watu wanaokadiriwa kufikia 150,000. Nchi nzima inasemekana watu karibu nusu milioni walikuwa nje usiku huo. Honi zilipigwa, watu wakaimba, wasiofahamiana wakakumbatiana.

Ungesema nchi imebeba Kombe la Dunia. Wala. Timu yao ya taifa ilikuwa imeshinda mechi moja, mabao 4-3, tena ugenini, katika mchezo ambao mashabiki wengi wa huku kwetu wanauona kwenye televisheni tu: hoki ya barafu. Siku mbili baadaye timu hiyohiyo ilifungwa na ikamaliza mashindano ikiwa ya tatu.

Siku 20 baada ya shangwe ile, kiongozi wa nchi aliyependwa na watu wake alikuwa ameng'olewa madarakani. Na sababu iliyotumika kumng'oa ilikuwa ni shangwe yenyewe.

Hii ni habari ya Chekoslovakia na mashindano ya dunia ya hoki ya mwaka 1969 pale Stockholm, Sweden. Matokeo ya michuano hiyo ndiyo yaliyoamua pia nani bingwa wa Ulaya. Ila ukimuuliza mzee wa Kicheki au wa Kislovaki aliyekuwepo wakati ule, hatakwambia nani alibeba kombe. Atakutajia tarehe mbili: Machi 21 na Machi 28.

Mchezo wenyewe

Kwa mtu wa soka, hoki ya barafu si ngumu kuielewa. Uwanja ni sakafu ya barafu iliyozungushiwa ukuta, urefu wa mita 60 hivi. Kila timu inaingiza watu sita, kipa akiwa mmoja wao. Wote wamevaa viatu vyenye bapa la chuma chini na wameshika magongo. Mpira hakuna. Kinachopigwa ni kisahani kizito cheusi cha raba ngumu, na kikikupata bila kinga unavunjika mfupa.

Wanacheza vipindi vitatu vya dakika 20, na saa inasimama kila filimbi inapolia. Kasi yake si ya kitoto, ndiyo maana mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja kisha anatoka, mwenzake anaingia, mchezo ukiwa unaendelea. Ukicheza rafu unakaa nje dakika mbili na timu yako inabaki pungufu. Baada ya hapo mengine ni yaleyale: kipa, beki, straika, bao.

Miaka ile ya 1960 mchezo huo ulikuwa na mbabe mmoja tu. Umoja wa Kisovieti, ambao wengi waliuita Urusi, ulikuwa umeushika ubingwa wa dunia tangu 1963 bila kumwachia mtu. Benchi lilikuwa chini ya Arkady Chernyshev na Anatoli Tarasov, na huyu Tarasov hadi leo anatajwa miongoni mwa makocha wakubwa kuwahi kutokea kwenye hoki. Walikuwa na Anatoli Firsov, walikuwa na Vyacheslav Starshinov, na mwaka huo wakamleta kijana anayeitwa Valeri Kharlamov, ambaye baadaye dunia nzima ya hoki ilimjua.

Chekoslovakia nao hawakuwa wanyonge. Mwaka mmoja nyuma, kwenye Olimpiki ya Grenoble, walikuwa wamewafunga Wasovieti hao 5-4, ingawa dhahabu ilikwenda Moscow vilevile. Kwa hiyo upinzani ulikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni kilichotokea katikati ya Grenoble na Stockholm.

Vifaru vya Agosti

Mwanzoni mwa 1968 Chekoslovakia, nchi ya kikomunisti iliyokuwa chini ya kivuli cha Moscow, ilipata kiongozi mpya wa chama, Alexander Dubček. Jamaa alilegeza kamba. Magazeti yakaanza kuandika bila kukatwakatwa, watu wakaanza kusema wanachofikiri, wengine wakaruhusiwa kusafiri nje. Kipindi hicho kikaitwa Majira ya Machipuo ya Prague.

Moscow haikupenda. Usiku wa Agosti 20 kuamkia 21, majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yalivuka mpaka kutoka pande kadhaa. Wananchi waliamka asubuhi wakakuta vifaru mitaani. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika miezi iliyofuata. Dubček hakuondolewa palepale, lakini alibaki kiongozi aliyefungwa mikono, na askari wa kigeni wakabaki nchini.

Januari 16, 1969, mwanafunzi wa miaka 20, Jan Palach, alijimwagia petroli na kujiwasha moto katika uwanja uleule wa Wenceslas Square, akipinga wananchi kuuzoea uvamizi. Alifariki siku tatu baadaye.

Mashindano ya dunia ya hoki ya mwaka huo yalikuwa yafanyike Prague. Hebu fikiria: Wasovieti waje kucheza mbele ya mashabiki ambao nje ya uwanja kuna askari wao. Haikuwezekana. Chekoslovakia ikarudisha uenyeji na Sweden ikaubeba. Timu sita zikapangwa kucheza nyumbani na ugenini kwa maana ya ratiba tu, kila mmoja akutane na mwenzake mara mbili, zote hapohapo Stockholm: Wasovieti, Sweden, Chekoslovakia, Finland, Canada na Marekani. Ushindi pointi mbili, sare pointi moja. Hakuna nusu fainali, hakuna fainali. Mechi 10, hesabu inafanyika mwishoni.

Maana yake ni kwamba Chekoslovakia walijua mapema: watakutana na Wasovieti mara mbili.

Kidonda cha zamani

Kwa wanahoki wa Chekoslovakia, utawala kuwaumiza halikuwa jambo geni. Kizazi cha nyuma yao kilikuwa kimeshalipia. Nchi hiyo ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1947 na tena 1949. Machi 1950 timu ilikusanyika kwa safari ya London kwenda kutetea ubingwa, ikazuiwa uwanja wa ndege. Siku chache baadaye wachezaji wakiwa baa mjini Prague, wakinung'unika kwa hasira, walikamatwa na askari wa usalama. Wakashitakiwa kwa uhaini, eti walipanga kutoroka na kubaki nje.

Kipa Bohumil Modrý alihukumiwa miaka 15. Mshambuliaji Augustin Bubník miaka 14. Kadhaa kati yao walipelekwa kufanya kazi kwenye migodi ya urani. Walitoka miaka mitano baadaye, na Modrý alifariki mwaka 1963 afya yake ikiwa imeharibika.

Kwa hiyo wachezaji waliopanda ndege kwenda Stockholm mwaka 1969 walijua vizuri kwamba jezi ya taifa haimkingi mtu. Kila walichofanya barafuni mbele ya kamera kilikuwa na hatari yake wakirudi nyumbani.

Machi 21: 2-0

Ijumaa ya kwanza. Ni miezi saba kamili tangu asubuhi ile ya vifaru. Uwanja wa Johanneshov umejaa, Waswidi wengi wanawashangilia Chekoslovakia, na jukwaani kuna mabango yanayowakumbusha Wasovieti habari ya vifaru vyao, na kwamba safari hii majibu ni mabao.

Kwenye jezi za Chekoslovakia kulikuwa na nembo ya taifa: simba, na juu ya kichwa chake nyota ya kikomunisti. Baadhi ya wachezaji, Jaroslav Jiřík akiwa mmojawapo, waliingia uwanjani nyota hiyo wameiziba kwa plasta. Kitendo kidogo, lakini nyumbani kilikuwa kinatosha kumtia mtu matatani.

Golini alikaa Vladimír Dzurilla, jamaa mwenye mwili mkubwa kutoka Bratislava ambaye fani yake nje ya hoki ilikuwa ufundi wa majokofu. Wasovieti walipiga kutoka kila upande, fundi akazuia. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Kipindi cha pili beki Jan Suchý akapachika la kwanza. Huyu Suchý alikuwa beki wa kupanda na kushuka, na mashindano yalipomalizika alichaguliwa beki bora. Kipindi cha tatu Josef Černý akaongeza la pili, na ikabaki hivyo hadi mwisho. Mbabe ambaye kawaida alifunga mabao kama mchezo wa mazoezi alitoka bila hata moja.

Kwa desturi ya hoki, mechi ikiisha timu mbili hupanga mistari na kupeana mikono. Siku ile Chekoslovakia walikataa. Nahodha wao, Jozef Golonka, na wenzake walishangilia, wakageuka, wakaondoka. Wasovieti wakabaki wamesimama.

Na hapa ieleweke: wale vijana wa Moscow hawakuwa wao walioendesha vifaru. Walikuwa wachezaji, wengine ndiyo kwanza wanaanza. Lakini jezi waliyovaa ilikuwa na herufi zilezile za serikali iliyotuma jeshi, na kwa watu wa Prague hiyo ilikuwa nafasi pekee ya kumwona mvamizi kwenye uwanja ambao idadi ni sawa, sita kwa sita, na hakuna mwenye bunduki.

Machi 28: 4-3

Wiki moja baadaye zikarudiana. Safari hii haikuwa rahisi. Wasovieti walikuja wamejipanga na wana hasira ya kulipa kisasi, na mchezo ukawa wa nipe nikupe. Mpaka filimbi ya mwisho tofauti ilikuwa bao moja: Chekoslovakia 4, Umoja wa Kisovieti 3. Mara mbili katika mashindano mamoja, ndani ya siku nane. Mikono, kwa mara nyingine, haikutolewa.

Nyumbani watu hawakusubiri. Miji mingi ilifurika. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu, halafu katika baadhi ya miji hasira ya miezi saba ikatoka. Kambi na magari ya askari wa Kisovieti yakarushiwa mawe. Prague, kundi likaivamia ofisi ya shirika la ndege la Kisovieti, Aeroflot, iliyokuwa palepale Wenceslas Square. Vioo vikavunjwa, samani zikatupwa nje na kuchomwa.

Kuna jambo moja linazungumzwa hadi leo. Mbele ya ofisi ile kulikuwa na rundo la mawe ya kutandika barabarani, yamelundikwa pale kana kwamba yanawasubiri watu. Wanahistoria wengi wanaamini askari kanzu walikuwa na mkono wao katika vurugu hizo, kwamba kuna waliotaka sababu na wakahakikisha inapatikana.

Jumapili ya hesabu

Huku nchi ikiwa bado na mning'inio wa shangwe, timu ilibaki na kazi moja Stockholm. Jumapili, Machi 30, wanacheza na wenyeji Sweden, mechi ya mwisho. Hesabu ilikuwa nyepesi: wakishinda, mabingwa wa dunia. Wakitoka sare, mabingwa wa dunia.

Walifungwa 1-0.

Shabiki wa soka anaijua hali hii. Unamfunga mpinzani wako mkubwa, unatumia kila kilichomo mwilini na kichwani, halafu wiki hiyohiyo unaingia kwenye mechi inayoamua ubingwa na miguu inakataa. Nguvu walizimalizia pale walipoona ndipo zinahitajika zaidi.

Msimamo wa mwisho ulikuwa wa ajabu. Timu tatu zilifungana kwa pointi 16, kila moja imeshinda nane na kupoteza mbili. Na mzunguko wake ni huu: Chekoslovakia aliwafunga Wasovieti mara mbili, Wasovieti wakaifunga Sweden mara mbili, Sweden ikaifunga Chekoslovakia mara mbili. Ikabidi iangaliwe tofauti ya mabao. Wasovieti walikuwa wamefunga 59 na kufungwa 23, Sweden 45 kwa 19, Chekoslovakia 40 kwa 20. Dhahabu Moscow, fedha Stockholm, shaba Prague.

Kwa maneno mengine, bao moja tu la kusawazisha dhidi ya Sweden lingewapa Chekoslovakia kila kitu.

Bili ikaja

Moscow haikuangalia msimamo. Iliangalia vioo vya Aeroflot. Waziri wa ulinzi wa Umoja wa Kisovieti, Marshal Andrei Grechko, alitua Chekoslovakia siku chache baadaye na ujumbe mmoja: ama wenyewe watulize nchi yao, ama jeshi lake litafanya kazi hiyo. Udhibiti wa magazeti ukarudi. Aprili 17 Dubček akaachia uongozi wa chama na nafasi yake ikachukuliwa na Gustáv Husák. Miaka 20 ya kufungwa midomo ikaanza. Dubček alipelekwa kuwa balozi Uturuki, kisha akafukuzwa chama na kuishia kufanya kazi katika idara ya misitu huko Slovakia.

Je, hoki ndiyo iliyomwangusha? Hapana. Moscow ilimtaka aondoke tangu Agosti, na isingekuwa Machi 28 ingetafutwa siku nyingine. Mwaka huohuo, mwezi Julai, El Salvador na Honduras ziliingia vitani baada ya mechi zao za kufuzu Kombe la Dunia, watu wakaiita vita ya soka, wakati ugomvi wa ardhi na wahamiaji ulikuwepo miaka mingi kabla ya mpira kupigwa. Mchezo unaweza kuwa kiberiti. Kuni hupangwa na wengine.

Lakini hilo halipunguzi uchungu wake. Ushindi mtamu kuliko wote ambao watu wale waliwahi kuuona ndio uliotumika kuwafungia mlango.

Wachezaji nao kila mmoja alienda na njia yake. Jiřík, yule wa plasta, aliruhusiwa kwenda Marekani msimu uliofuata na kucheza mechi tatu za ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, akiwa na St. Louis. Straika Václav Nedomanský hakusubiri ruhusa: mwaka 1974 alitoroka na kwenda kucheza Toronto. Dzurilla aliendelea kudaka. Na mwaka 1972 mashindano ya dunia yakafika Prague kweli. Chekoslovakia wakawafunga Wasovieti 3-2 mbele ya mashabiki wao na kutwaa ubingwa, wakikata mfululizo wa mataji tisa ya mbabe yule. Safari hii kombe lilikuwepo.

Mwaka huohuo wa 1972, katika mji wa Kladno, alizaliwa mtoto anayeitwa Jaromír Jágr. Alipokwenda Marekani na kuwa mmoja wa wafungaji wakubwa kabisa katika historia ya NHL, namba aliyochagua ilikuwa 68, kwa kumbukumbu ya mwaka wa vifaru.

Askari wa mwisho wa Kisovieti aliondoka nchini mwao Juni 1991. Chekoslovakia yenyewe ikagawanyika mwanzoni mwa 1993. Lakini Februari 22, 1998, kwenye fainali ya Olimpiki ya Nagano, Japan, upande mmoja walipanga Jamhuri ya Czech na upande mwingine Urusi. Kipa Dominik Hašek hakuruhusu kitu. Jágr alikuwa barafuni na 68 yake mgongoni. Bao likawa moja tu, la beki Petr Svoboda, na Wacheki wakachukua dhahabu.

Svoboda, kwa Kicheki, maana yake ni uhuru. Usiku huo Prague haikulala tena, na asubuhi yake hakuna aliyekuja kudai bili.